Mtungi wa Bi Hafswa

Bi Hafswa wa Kisauni hufua na kupiga pasi kanzu za watu, na maji ya kisima cha uani kwake ni magumu. Sabuni haitoi povu. Huganda vipande vipande kama maziwa yaliyochacha, na kanzu nyeupe hukauka na kiwingu ambacho wateja hukiona kabla yake. Wengine wameanza kumhama. Kwa hiyo yeye na mumewe, Hashim, waliazimia kununua mtambo wa kulainisha maji. Akiba yao ilitosha mtambo mmoja tu.

Mlangoni pake pana mtungi na kata, sadaka anayomtolea marehemu mamake. Apitaye na kiu hunywa. Mtungi huo aliujaza kutoka kisima hicho hicho.

Siku moja alipita Kache, jirani yake muuza mchicha, amekonda. Mwanawe, Munga, ndiyo kwanza atoke hospitali kwa homa ya matumbo. Hafswa alimpa pole, akamkaribisha ndani, akammiminia maji ya jagi.

Kache aliyaonja. "Haya si ya mtungini."

"La. Haya nimeyachemsha."

Kache akaiweka gilasi chini polepole. "Kumbe nyinyi mwanywa ya kuchemsha, Bi Hafswa. Ya mtungi, anywayo Munga kila siku, ni yetu sisi."

Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililouma. Hafswa alitaka kusema kuwa makaa hayatoshi kuchemshia mtaa mzima, na kuwa hata mamake aliteka kisimani hapo hapo. Lakini zama za mamake kisima hakikuzungukwa na vyoo vya majirani. Huenda Munga aliugulia maji ya kwingine. Hafswa hakujificha nyuma ya huenda.

Dukani, muuzaji aliwaeleza wazi. Mtambo wa kulainisha huondoa chokaa, sabuni ikapata povu, ila vijidudu huviacha vilivyo. Wa kusafisha huua vijidudu, na chokaa hubaki.

"Mama Rania," Hashim alimwambia mkewe taratibu, "kanzu ndizo zitulishazo."

"Najua. Lakini siwezi kumpa mtu kile nisichokinywa mimi, kisha nikaita sadaka."

Hashim akamwonyesha muuzaji mtambo wa kusafisha.

Hafswa bado apambana na kiwingu. Suuza ya mwisho huifanya kwa maji ya mvua yakiwapo. Yasipokuwapo, huwaambia wateja ukweli, na baadhi huondoka.

Kache alikaa siku nyingi akiupita mtungi bila kuugusa. Asubuhi moja alisimama, akauangalia mpira mpya wa maji utokao ndani hadi mtungini.

"Bi Hafswa."

"Abee."

"Sasa haya, nawe wanywa?"

Hafswa aliacha pasi, akatoka. Aliteka kata, akanywa hadi tone la mwisho, kisha akateka nyingine na kumpa kwa mikono miwili.