Msonobari Ambao Wadudu Waliukwepa

Nakumbuka asubuhi moja ya kiangazi, mwanangu, nilipomwona Tata Kalenga akitazama huku na huku, kisha akatia mbegu mfukoni. Nilikuwa msichana bado, nafanya kazi kwenye kitalu cha misonobari nje ya Kolwezi, naye ndiye mkubwa wetu, tukimwita tata, yaani baba. Sikufichi, mimi ni mtu wa kushuku tangu zamani.

Tulikuwa tunaanika matunda ya msonobari juani mpaka magamba yafunguke, tunatoa mbegu, chache tunazipasua kwa kisu kuona ndani. Nyingi zilikuwa na funza, au unga mtupu. Lakini mti mmoja kando ya uzio, mbegu zake zilikuwa nzima kila mwaka. Wewe ungefikiri nini? Mimi nilifikiri dawa ya kichawi. Nikasema tata amezika kitu kwenye mizizi, wadudu wahamie miti mingine, na mbegu nzuri anazipeleka anakojua mwenyewe.

Wenzangu walinisikiliza, kwa bahati mbaya. Tata alipokwenda Lubudi kwenye matanga, tulichimba chini ya mti tukitafuta hirizi. Hatukuona kitu. Badala ya kuona haya, tukaukata, tukauchoma pamoja na mbegu zote alizofungia kabatini.

Aliporudi hakupiga kelele. Alikaa juu ya kisiki, akaniita.

"Mama, haikukuwa dawa. Hii muti ilizaliwa vile, badudu habaiweze. Mi nilificha mbegu juu batu basizichanganye na zingine. Nilitaka kupanda batoto yake, nione kama damu ya mama yabo iko ndani. Sasa tutajua namna gani?"

Nilitamani ardhi inimeze. Mpaka leo hakuna anayejua kama watoto wa mti ule wangewashinda wadudu kama mama yao, na sababu ni mimi.

Sikukatazi kushuku, mwanangu. Hapa Kolwezi, ukiamini kila anayepima mawe yako ya madini, utaliwa mzima mzima. Ila kabla hujashika shoka, nenda kwa mtu mwenyewe umuulize usoni. Tata Kalenga nilikula naye bukari, ugali wetu, kila mchana, sahani moja, na sikumuuliza hata mara moja.

Mungu akupe ulimi wa kuuliza, na mikono isiyo na haraka.