Koti la Sigrun

Wifi yangu Sigrun amevua samaki chini ya barafu ya Ziwa Winnipeg, huku Kanada, tangu ujana wake, pamoja na kaka yake Baldvin, mume wangu, mwenye nyavu. Mwaka huu amechoka. Usiku analowesha shuka kwa jasho, kisha anatetemeka mpaka kunakucha. Nesi alimweleza kuwa homoni za kike zimepungua, na ndizo zilizokuwa zikiusaidia mwili kujua lini utoe joto na lini ulitunze. Sasa akipata joto kidogo tu, mwili unamwaga jasho; nguo zikilowa, baridi inamwingia.

Barafuni tuna sheria: ukimwona mtu anavua koti, usimuulize kitu. Anayekaribia kufa kwa baridi huhisi anaungua, na huvua nguo mwenyewe. Unamkamata, unamfunika, unampeleka kibandani kwenye jiko.

Jumanne tukiwa tunavuta wavu, Sigrun alifungua koti, akatupa kofia. Baldvin akamrukia, akamviringisha mablanketi, akamkalisha mbele ya jiko. Maskini, alilowa chapachapa. Tulipotoka kumrudisha nyumbani, jasho lile ndilo lililomgandisha kweli, meno yakagongana njia nzima.

"Ziwani basi tena," Baldvin alimwambia tulipofika. "Nitatafuta mtu mwingine."

"Ni homoni, we mkaidi," Sigrun akajibu. "Hedhi inakoma."

Baldvin akainamia kahawa yake. "Mambo ya wanawake mwambie wifi yako."

"Yeye ndiye anayenifukuza kazi?"

Nilichoshwa na mume wangu siku ile, nasema wazi. Sigrun hana kazi nyingine, wala hajawahi kuitaka.

"Mwisho wake nimeshauona," Baldvin akasema. "Mama naye alianza hivi hivi. Alivua koti barafuni, nikambeba mwenyewe. Baridi ilishamharibu kichwa."

Sigrun akaweka kikombe chini. "Alikuwa na miaka mingapi?"

"Hamsini na kitu."

"Kama mimi."

Mama mkwe alimalizia maisha yake dirishani akitazama ziwa, akiamini ana wazimu, kwa kuwa sisi ndio tuliomwambia.

"Kesho beba fulana kavu," Baldvin alisema hatimaye. "Beba za kutosha."

Kisha akakaa na koti lake mwilini, hakulivua.

"Kila mwaka ziwa likiganda aliniomba nimchukue," akasema. "Nami nikamwambia, pumzika, Mama."