Mwalimu Gundi na Mwezi Uliozimika

Wifi yangu hana haya, na ninasema hivyo nikimsifu. Ni dada wa mume wangu, mwanamke mrefu, mwenye sauti ya mtu anayeita ng'ambo ya barabara. Shuleni anakofundisha watoto wanamwita Mwalimu Gundi, maana vidole vyake havijawahi kuonekana vikiwa safi. Siku niliyoolewa alinitazama gauni langu kuanzia shingoni hadi chini, akaniambia pindo limepinda. Gauni nililishona mwenyewe, na kazi yangu ndiyo hiyo, fundi cherehani. Nilimnunia wee, mpaka siku moja nikachukua futi nikalipima lile pindo. Lilikuwa limepinda.

Alikuwa mwalimu wa kazi za mikono: vikapu, vifungo, wanasesere wa vitambaa. Lakini moyo wake ulikuwa kwenye sayansi. Chuoni aliiomba, wakamwambia nafasi zimejaa, wakamsukumia kwenye ususi. Jambo hilo lilimkaa rohoni miaka yote. Kwa hiyo mwalimu wa sayansi wa darasa la tatu alipohama, kiti chake hakijapoa, wifi yangu alikuwa ameshaingia ofisini kwa mwalimu mkuu kuomba vile vipindi.

Mwalimu mkuu ni mpole, ila anapenda majibu yafanane na kitabu. Alimpa sharti. Afundishe somo moja tu, jinsi mwezi unavyobadilika umbo, mbele yake na mbele ya kamati ya wazazi. Watoto wakielewa, sayansi ya darasa la tatu ni yake. Wasipoelewa, ataletwa mwalimu kutoka nje, naye arudi kwenye vikapu vyake na asiliulizie tena.

Mtu mwingine angekosa hata hamu ya kula. Yeye alikuja kwangu, akala, akaongeza, kisha akanieleza mpango wake kana kwamba kazi ameshapewa. Hatachora kitu ubaoni. Kila mtoto atatengeneza mwezi wake kwa mkono wake: karatasi za magazeti zinafinyangwa kuwa mpira, zinapakwa gundi ya unga, zikikauka zinapigwa rangi nyeupe, halafu zinachomekwa kwenye kijiti. Nikamuuliza hiyo ni sayansi au ni ususi ule ule umevalishwa koti. Akaniambia ninyamaze, nifunge mapazia.

Tulijaribu chumbani kwangu ninamoshonea, Jumapili mchana. Juu ya meza ya kukatia inaning'inia balbu kutoka darini. Akaniambia balbu ndiyo jua, kichwa changu ndicho dunia, na mpira ule ndio mwezi. Nikanyoosha mkono, mpira ukiwa mbele ya macho, nikaanza kugeuka taratibu. Nilipoielekea balbu, upande wangu wa mpira ulikuwa mweusi, hakuna mwezi. Nikageuka kidogo kushoto, ukingo wake ukashika mwanga, mwezi mchanga huo. Nikageuka tena, nusu. Nilipoipa balbu mgongo, mpira ukawaka mweupe pe. Mimi na utu uzima wangu nilipiga kigelegele. Miaka yote nilidhani kuna kitu kinaufunika ule mwezi, kumbe ni mwezi ule ule mzima, tunaonyeshwa upande tu.

Siku yenyewe nilikwenda shuleni na jora la kitambaa cheusi ili kuziba madirisha. Nilipomaliza kukibana kwa pini nikajibanza pembeni, nikasingizia kwamba lazima mtu azilinde zile pini zisichomoke. Ukweli ni kwamba nilitaka kuona. Darasa lile lina taa ndefu za darini ambazo zingeangaza kila upande, kwa hiyo wifi yangu alizizima, akaazima taa ya mezani kutoka ofisini, akaivua kofia yake, akaiweka juu ya dawati katikati ya chumba. Watoto wakaizunguka, kila mmoja na mwezi wake. Wazazi walikaa nyuma kwenye viti vya watoto, magoti juu. Mwalimu mkuu alisimama karibu na mlango.

Ilianza vizuri ajabu. Giza, wakaitikia giza. Mwezi mchanga, wakauona, na vicheko juu. Nusu, wakaiona. Wifi yangu alikuwa anatembea kifua mbele, anawauliza, wanajibu. Kisha akawaambia waipe taa mgongo.

Mwezi ukazimika. Miezi yote, duara zima la watoto, mipira ikawa myeusi tii.

Mzazi mmoja akakohoa. Mwalimu mkuu akavua miwani. Mimi roho mkononi, nikitamani kupaza sauti kwamba kwangu uliwaka, niliuona kwa macho yangu. Nikamtazama wifi yangu. Alikuwa anaukodolea macho mpira wa mtoto aliye karibu naye, na tangu nimjue sijawahi kumwona amepotea hivyo.

"Hapo mwezi ukoje, watoto?" mwalimu mkuu aliuliza.

Jibu walikuwa nalo. Walikuwa wameshasoma kitabu, na ukutani palibandikwa picha ya mwezi mpevu kama sahani. Kilichotakiwa ni wifi yangu kupeleka macho ukutani mara moja tu, na watoto wangeitika "mpevu" kwa sauti moja, mambo yaishe, kazi aipate. Watoto wenyewe walikuwa wanamtazama wakingoja ishara. Moyoni nilimsihi, tazama ukutani, we mwanamke, tazama ukutani.

"Semeni mnachokiona," akawaambia.

"Giza, mwalimu."

Akamgeukia mwalimu mkuu, akasema bila kumung'unya maneno kwamba ulitakiwa uwe mpevu, kwamba hajui kwa nini haukuwaka, na kwamba watatafuta sababu sasa hivi, hapo hapo. Nikajua kwisha habari yake.

Wakaanza kutafuta. Mmoja akasema taa imepungua nguvu. Wakaikagua, iko sawa. Mwingine akailaumu rangi. Wifi yangu alikuwa amepiga magoti kati yao, na yeye na mpira wake, anageuka kama wao. Kisha msichana mmoja mnene, mwenye vishungi viwili vya nywele, akatikisa kichwa, akaacha, akatikisa tena.

"Mwalimu," akasema, "naona nywele zangu juu ya mwezi."

Kweli, kivuli cha vile vishungi kilikuwa kinacheza kwenye mpira. Akafikiri kidogo, akauinua mkono juu ya utosi wake. Mwezi ukawaka. Wenzake wakainua mikono, na duara zima likawa jeupe, kelele zikajaa chumba, hata wazazi wakasimama. Katika kelele hizo mvulana mmoja aliushusha wake tena gizani, akauliza kama dunia nayo haijawahi kuukinga mwezi wa kweli. Wifi yangu akamjibu kwamba huukinga, mara moja moja, na hapo ndipo watu husema mwezi umepatwa. Mara nyingi mwezi hupita juu kidogo au chini kidogo ya kivuli chetu, kama walivyofanya wao sasa.

Mwalimu mkuu akasogea. "Lile giza ulilipanga?"

Mimi ningesema ndiyo, tena haraka.

"Hapana," akajibu. "Nilijaribu kwa wifi yangu, balbu iko darini. Hapa nimeiweka mezani, vichwa vya watoto vikakinga. Nimekosea."

Mwalimu mkuu akavaa miwani yake. Nyuma yake baba mmoja alikuwa ameshika mpira chini mno, na watoto watatu wanamfokea auinue.

"Sayansi ya darasa la tatu ni yako," akasema.

"Na ya darasa la nne, mwalimu mkuu," wifi yangu akasema. "Hawa wanapanda mwakani. Siwaachi kwa mtu atakayewaambia wanachokiona."

Nilifumba macho. Kweli mwanamke huyu atatufukuzisha wote, nikajisemea, hata mimi nisiyefanya kazi hapa.

"Basi chukua na la nne," mwalimu mkuu akasema.

Wifi yangu akamshukuru kwa adabu zote. Kisha akavuta kiti cha mtoto, akakaa, akalia mbele ya kamati nzima, na mimi nikaziacha zile pini nikaenda kulia naye.