Muziki wa Nyuma ya Mabati

Jumapili iliyopita nilirudi Kitengela kugombana. Usicheke, ndugu yangu, ndivyo ilivyokuwa. Tuko na kikundi chetu cha wapenzi wa muziki wa filamu, watu wazima wenye kazi zao na watoto wao, na kila mwaka ile tuzo kubwa ya ng'ambo ikishatolewa tunakutana kwa mmoja wetu, tunachoma nyama, tunawasha spika, tunabishana kama muziki ulioshinda ulistahili. Mwaka huu mwenyeji alikuwa mwalimu mmoja wa muziki aliyehamia kwenye gorofa jipya huko. Nilitoka nyumbani Laiser Hill mapema, nikakwama Rongai kama kila mtu anavyokwama Rongai, nikafika nimechelewa na nimenuna. Hata sweta sikuwa nimevua nikaingia kwenye ubishi.

Nilisema ninachosema kila mwaka. Wale waamuzi hawasikilizi muziki. Wanatazama filamu, wanalia, wanapangusa kamasi, halafu wanautunuku muziki ambao ukiwaomba wauimbe kesho yake hawawezi. "Wanapigia picha kura!" nikasema, na nikapiga meza mpaka kachumbari ikamwagika. Muziki ulioshinda mwaka huu ni tarumbeta na ngoma za kushtua watu tu. Ule ulioachwa, wa ala moja inayolia peke yake, huo ndio ulikuwa muziki. Nikauita wizi. Nikauita uongo wa mchana kweupe.

Mwalimu akacheka akasema basi na sisi tuanzishe tuzo yetu, na mwamuzi mkuu niwe mimi. "Wewe huna upendeleo," akasema. "Kitu kikiwa si haki, wewe unasema tu." Watu wakapiga makofi. Nikasema nitafikiria, nikatoka kwenye roshani kupunga upepo. Huko chini kulikuwa na mahali pa kuoshea magari, kinyozi, maduka ya vifaa vya ujenzi, na barabara inayopanda kidogo kisha inapinda kushoto. Niliitazama ile kona kwa muda. Halafu nikaijua. Nimeipanda mara elfu na jerikeni la maji. Pale panapooshewa magari ndipo palipokuwa boma la nyanya yangu.

Hukuiona Kitengela ya wakati ule, kwa hivyo ngoja nikuambie. Ukisimama kwenye lango la kokoo, ndivyo tulivyomwita nyanya yetu, hakukuwa na kitu mbele yako ila nyasi. Kiangazi kikikaza, punda milia walikuja kulisha pamoja na mbuzi wetu na hakuna aliyeshangaa. Upepo ulileta vumbi ukalitia kwenye chai, ukalitia kwenye ugali, tukala hivyo hivyo. Asubuhi boma lilinuka moshi wa mzeituni mwitu, maana kokoo alisafisha vibuyu vyake kwa kijinga cha moto, na maziwa yake yalikuwa na ile ladha ya moshi ambayo siku hizi nikiitaja watu wa mjini wanafikiri maziwa yaliungua. Watu walikuja kuyanunua na vidumu vyao. Kokoo hakujua Kiswahili zaidi ya "karibu", "kesho" na kuhesabu mpaka kumi. Wengi walimwonyesha kwa vidole wanachotaka, naye akamimina. Saa hiyo mimi nilikuwa kwenye foleni ya maji, kila siku ya Mungu, kwa hivyo biashara yake ya asubuhi sikuiona.

Mwendo mfupi kutoka kwetu ndipo yalipoanzia maduka, na nyuma ya maduka kulikuwa na banda la mabati lililoonyesha video. Watoto wa kike hawakuingia humo. Mama angesikia uliingia, ungejuta kuzaliwa. Lakini hakuna aliyekataza mtu kukaa nje, upande wa nyuma, penye kivuli, akiegemea mabati yenyewe. Tulikuwa wanne. Mimi, pacha wawili wa kiume ambao baba yao alifanya kazi kwenye kiwanda cha saruji na ambao hawakuwa na chochote cha kulipia, na binti wa duka la jirani. Baba yake alikuja kutoka kaskazini mashariki, akafanya biashara ya mbuzi na ngamia, na mama yake akauza dukani. Binti huyo alivaa shela la rangi ya machungwa, na mfukoni alikuwa na sambusa mbili, ambazo alizigawa vipande vinne bila kuombwa.

Filamu hatukuiona hata moja. Tulizisikia. Mazungumzo yalikuwa ya lugha tusizozijua, na mlio wa jenereta uliyameza, lakini muziki ulipita kwenye mabati ukaingia mpaka mgongoni. Tulijua mtu amekufa kwa muziki. Tulijua wamependana, wamepotezana, farasi anakuja. Na binti wa duka ndiye aliyekuwa na sikio. Sisi wengine tulisikia kelele moja kubwa, yeye akainua kidole akasema, "Nyamazeni, kuna filimbi chini yake." Tukinyamaza, kweli, filimbi ipo. Usiku analala anaibeba, kesho anakuimbia yote na mdomo umefungwa, bila kukosea.

Sasa ubishi ulianza hapo. Filamu gani ilikuwa na muziki bora? Pacha walipiga kelele, mimi nikapiga zaidi. Mwishowe kokoo, aliyechoka na makelele langoni kwake, alitupa kengele ya ng'ombe wake mmoja mzee aliyekuwa akiwaongoza wengine, aliyekufa kwa ukame. Kengele ya chuma, yenye mkanda wa ngozi, sauti yake nzito. Tukaifanya tuzo. Kila muhula ukiisha, kila mmoja alileta muziki wake, akauimba, tukapiga kura, na mwenye muziki ulioshinda aliivaa kengele mpaka muhula ufuatao. Sheria ilikuwa moja, na aliiweka binti wa duka: masikio tu. Hapakuwa na kuchungulia kwenye tundu la msumari. Pacha mmoja alishikwa akichungulia, akafungiwa muhula mzima.

Mimi niliivaa mara mbili. Pacha waliivaa kwa zamu. Binti wa duka hakuwahi kuivaa, na huo ndio ukweli wa kuchekesha, maana kila alichochagua kilikuwa cha taratibu na sisi tulipenda ngoma. Hakulalamika. Lakini nilimwona siku moja ameitoa kwenye msumari wa uzio wa boma, tulipoitundika siku ya kura, anaigonga kwa kucha kidogo kidogo, anasikiliza inavyoisha. Alikuwa anaitaka kuliko sisi sote. Nililijua hilo. Kumbuka kwamba nililijua.

Likizo ile ya mwisho, mjomba wangu alikuja kutoka Rongai, amevaa viatu vipya, na kwa kunifurahisha akaniingiza kwenye banda mchana mmoja kwa siri. Aki, mimi nilikaa ndani kwa mara ya kwanza! Ilikuwa filamu ya vita na farasi. Mwishoni farasi mweupe anaanguka, askari anamshika shingo, tarumbeta zinalia, na mimi nikalia mpaka mjomba akaona aibu. Nilitoka nikiwa nimeamua. Na kule nyuma, kwenye kivuli, wenzangu walikuwa wameisikiliza filamu hiyo hiyo bila kujua niko ndani. Niliwaambia nilikuwa nachunga mbuzi.

Siku ya kupiga kura nikaleta tarumbeta zangu. Binti wa duka akaleta wimbo wa filamu ya watu wa milimani wanaopigana kwa mikono. Kelele zote zikiisha, filimbi moja inabaki inalia peke yake, basi. Pacha mmoja akasimama na mimi, na mwenzake, nadhani kwa kumkera ndugu yake tu, akasimama na binti wa duka. Wawili kwa wawili. Halijawahi kutokea.

"Tumwulize kokoo," akasema pacha mmoja.

Kokoo alikuwa ameketi kwenye kigoda akitunga shanga. Maisha yake yote hakuwahi kuona filamu, na masikio yake yalikuwa mazima. Nikamweleza kwa Kimaasai kwamba kuna nyimbo mbili na achague moja, mshindi achukue kengele. Nikaimba yangu, kifua mbele, na mikono nikitupa. Akaitikia kwa kichwa, kwa adabu. Binti wa duka akaimba yake akiangalia chini. Kokoo akaacha shanga. Wimbo ulipoisha, akasema kwa Kimaasai, polepole, "Huyu. Wako ni wa watu wenye haraka. Huu wa huyu mtoto, ng'ombe wangesimama wausikilize."

Pacha wakanigeukia. "Amesema nini?"

Ningesema. Lilikuwa neno moja tu. Lakini nilimwona farasi mweupe akianguka, na nikaona kengele ikienda kwenye shingo ya mtu mwingine, na nikaona kwamba pale hakuna anayejua Kimaasai isipokuwa mimi na ajuza asiyejua Kiswahili.

"Amesema wangu," nikasema.

Pacha aliyesimama na mimi akaruka juu. Binti wa duka akanitazama. Hakunitazama kwa hasira, ningeelewa hasira. Akaenda kwenye uzio, akaitoa kengele, akaja, akanivalisha mwenyewe, akauvuta mkanda mpaka ukakaa sawa shingoni. "Hongera, abaayo," akasema. Abaayo kwao ni dada. Kisha akaenda nyumbani, na sambusa yake hakuigawa siku hiyo kwa sababu hakuitoa mfukoni.

Niliivaa mpaka shule ikafunguliwa. Na ninakuapia, ilinifurahisha! Hilo ndilo linaloniudhi hata leo. Mtu angependa kusema dhamiri ilimsuta, hakulala. Nililala vizuri sana. Nilimwambia binti wa duka mara mbili tatu kwamba tarumbeta ni tarumbeta, na yeye akasema, "Sawa." Muhula ule haujaisha, baba yake akahamisha biashara, wengine wakasema Isiolo, wengine wakasema mbali zaidi. Nilitoka shuleni nikakuta duka limefungwa na kibao kimeng'olewa. Hatukuagana. Video nayo ikafa watu walipoanza kununua televisheni zao, pacha wakahama baba yao alipoachishwa kazi, na mjomba yule yule wa viatu vipya, pamoja na ndugu zake, akaanza kukata shamba la kokoo vipande vipande, akiuza kwa watu waliokuja na vigingi na kamba. Hatukunyang'anywa na mtu. Tuliuza wenyewe, na leo tukipita tunalalamika kwamba Kitengela imeharibika.

Nilikuwa kidato cha pili kokoo alipoiona ile kengele kwenye sanduku langu. Alikuwa ameshadhoofika, na boma limebaki na ng'ombe wawili. Akaishika, akaipangusa na shuka yake.

"Yule mtoto wa maziwa yuko wapi siku hizi?" akauliza.

Nikamwuliza mtoto gani wa maziwa.

"Huyo wa duka, mwenye shela. Si alikuwa anakuja kila asubuhi ukiwa kwenye maji? Tuliongea mimi na yeye mpaka kidumu chake kinajaa na hatujamaliza." Akacheka. "Kimaasai chake kilikuwa kisafi kuliko chako."

Nikataka anyamaze, lakini wazee hawanyamazi unapotaka.

"Kesho yake baada ya zile nyimbo zenu alikuja, nikamwuliza, mbona kengele umemvalisha huyu mjukuu wangu? Mimi nilikupa wewe. Akaniambia amekuachia, kwa sababu wewe umeizoea na utaitunza. Akaniomba nisikuulize, usije ukaona haya." Kokoo akanirudishia kengele mkononi. "Ulimshukuru?"

Nikamwambia ndiyo, nilimshukuru.

Kokoo amelala kwenye ardhi ambayo hata hiyo ilibidi tuombe ruhusa kwa mwenye kuimiliki. Binti wa duka nimemtafuta kwenye simu, kwenye mitandao, kwa watu wa kaskazini wanaofanya biashara ya mbuzi huku, lakini mtu unamtafutaje ukiwa na shela la rangi ya machungwa na filimbi? Ile filamu ya farasi niliitafuta nikaipata. Nilifumba macho nikaisikiliza. Ni makelele. Hakuna hata kipande kimoja ambacho mtu angekibeba mpaka kesho. Ile ya filimbi sijaipata, ila sihitaji, ninaijua yote.

Mwalimu wa muziki alinifuata kwenye roshani na sahani ya nyama, akaniuliza nimeona nini huko chini. Nikamwambia wanaosha magari. Akasema watu wanasubiri jibu, uamuzi huo hauwezi kupewa mwingine, wote wameniamini. Nikatazama ile kona ya barabara tena, inavyopanda kidogo halafu inapinda.

Nikamwambia wachague mtu mwingine. Akauliza kwa nini. Nikasema niko na kazi nyingi mwaka huu.