Nilimwambia shemeji kaka yuko Tanzania, sasa anataka kumfuata

Admin, naomba ufiche jina langu, na hata kama umenitambua usinipigie simu. Ndugu mnaosoma, mkinitukana nitavumilia, ila someni mpaka mwisho kwanza.

Mimi ni mwanaume wa miaka 37, Mrundi, fundi pikipiki hapa Gitega. Nina mke na watoto wawili. Nilikulia kambini Tanzania pamoja na kaka yangu, na amani ilipopatikana tukarudi kwetu Giteranyi, mkoani Muyinga. Kaka akabaki kulima na mama, mimi nikaja mjini kutafuta riziki. Baba alifia kambini, kwa hiyo kaka ndiye aliyekuwa baba yangu.

Kule kambini jirani alikuwa na redio, tukawa tunasikiliza mashindano ya magari. Kaka alikuwa anaigiza injini kwa mdomo mpaka mama anamfukuza nje. Tuliahidiana kwamba ipo siku tutasimama kando ya barabara tuyaone kwa macho yetu. Ilikuwa ahadi ya watoto wenye njaa, lakini hatukuisahau.

Miaka mitatu iliyopita mafundi wenzangu walipanga kwenda Tanzania kuangalia mashindano hayo. Nikampigia kaka, akauza mbuzi siku hiyo hiyo. Bajeti niliiandika mimi: basi, malazi, chakula, kadi ya chanjo, na lesepase, ile karatasi ya kuvukia mpaka. Mimi nilikuwa na yangu tayari. Ya kaka ikakosa pesa, kila nikijumlisha hesabu inagoma. Ningeweza kufuta bia na nyama ya kuchoma. Sikufuta. Nilichofuta ni lesepase yake.

Nikamwambia, "Wewe pita njia yetu ya zamani. Tuliipita tukiwa watoto, mama ana sufuria kichwani. Leo mtu mzima ikushinde?"

Akacheka, akasema ile njia anaijua hata akifumba macho. Sisi tuliorudi tuna ugonjwa huo, tunadhani njia iliyotuokoa haiwezi kutuua. Tulisahau kitu kimoja tu: njia ile inakatiza mto, nasi tulikimbia wakati wa kiangazi, na mashindano yalikuwa masika.

Mimi na wenzangu tulipita mpakani Kobero, tukagongewa mihuri, tukaenda kumsubiri kaka kwenye senta ya kwanza upande wa pili. Tulikaa pale kutwa nzima, simu yake haipatikani. Kesho yake basi likawa linaondoka na nauli tumeshalipa. Wenzangu wakasema atatufuata, yule si mtoto. Nikapanda. Ndugu zangu, nilipanda lile basi. Nilisimama kando ya barabara, magari yakapita yakirusha matope, nikashangilia, na nilifurahi kweli. Shemeji, yaani mke wa kaka, akaniandikia nimtumie picha ya mume wake. Nikamjibu ameenda kununua chakula.

Wakati wa kurudi niliwaacha wenzangu, nikaenda kuuliza kwenye vijiji vilivyo karibu na mto ule. Mwanaume mmoja anayechunga ng'ombe akaniambia alimwona mtu anavuka asubuhi, amefunga nguo kichwani, maji yanamfika kifuani, kisha hakumwona tena. Akaniletea kofia aliyoiokota kwenye matete. Niliijua, nilimnunulia mimi sokoni Gitega. Mwili haukuonekana.

Nilienda nyumbani nimejipanga kusema ukweli. Mama akatoka kunipokea anacheka, akauliza mwenzako umemwacha wapi. Mdomo wangu ukasema amepata kibarua hukohuko, atakuja. Maneno hayo sikuyapanga, yalitoka yenyewe.

Kwetu mtu akifa anakaliwa matanga, na baada ya muda ukoo unakutana siku ya kuganduka. Siku hiyo watu wanakunywa pamoja, msiba unaondolewa rasmi, na mjane anaruhusiwa kuendelea na maisha. Kaka yangu hajaliliwa hata siku moja. Kule mlimani, yaani kijijini kwetu, wanamcheka shemeji kwamba ameachwa kwa ajili ya Mtanzania. Mama naye alikataa kumtaja mwanawe mwaka mzima, kwa hasira. Mimi namwota, suruali imekunjwa magotini, hanisemeshi. Mchana mteja akivuta mafuta pale gereji injini ikanguruma, nasikia ile sauti ya mdomo wa kaka na nageuka. Mke wangu anadhani nimerogwa. Hata yeye hajui.

Wiki iliyopita shemeji alikuja Gitega. Nilidhani anataka msaada, kumbe ameuza mavuno ya kahawa.

"Shemeji, mi sikuje kukuomba pesa," akasema. "We ulifika kule. Niandikie tu vyenye vitahitajika: basi, kulala, kula. Na lesepase, mi sipite mu mapori. Ntaenda na mutoto mukubwa, baba yake amuone."

Nikamuuliza, na ukimkuta ameoa?

"Aniambie yeye mwenyewe. Nimechoka kuambiwa na majirani."

Nilipaswa kusema palepale. Badala yake nilichukua kalamu nikamwandikia, kitu kimoja kimoja, na lesepase nikaiweka ya kwanza. Akanishukuru. Akasema mimi ndiye ndugu pekee aliyebaki upande wake.

Anasafiri wiki ijayo. Nikisema, mama ana presha na anaweza kunifia mikononi, na shemeji atajua miaka mitatu amechekwa kwa sababu yangu. Nikinyamaza, atazunguka nchi ya watu na mtoto akimtafuta mtu aliyelala majini. Na hasira ya mama imeisha. Amechambua maharage mapya, akafunga kwenye kitambaa, akampa shemeji ampelekee mwanawe kwa sababu huko hawajui kuyapika kama yeye. Mzigo huo uko hapa kwangu, shemeji ameniachia nimtunzie mpaka siku ya safari. Nishaurini jamani, nianze kumwambia nani, na nianzie wapi?