Mashine Nne Tulizozificha Munyaka

Nakumbuka Jumatatu moja ya mvua, nikiwa na miaka ishirini na minane, nikisukuma mkokoteni kwenye tope la mtaa wa Munyaka, Eldoret, na juu yake kuna mashine ya kufuma sweta ambayo haikuwa yangu. Nilikuwa naenda mbio. Maisha yangu yote nimeenda mbio, mwanangu, na mambo mengi niliyoharibu niliyaharibu kwa sababu ya mbio hizo. Hili la mkokoteni ndilo linalonisumbua kuliko mengine yote.

Tulikuwa wanawake kumi na mmoja. Wengine walikuwa wametoka upande wa ziwa kufuata kazi, wengine, kama mimi, wazazi wetu walitoka sehemu za kati wakaja huku kulima na kufungua maduka. Tulijuana kanisani kwanza, biashara ikafuata. Tulikodisha chumba kimoja nyuma ya kinu cha unga, tukaweka mashine nne, tukawa tunafuma sweta za shule, za kijani za shule hii, za bluu za shule ile. Kila mashine ilikuwa na mwenyewe. Sisi wengine tulishona vifungo, tukapiga pasi na kutafuta wateja. Mashine iliyokuwa nzuri kuliko zote ilikuwa ya Mama Akinyi, mjane, mkubwa wetu kwa umri. Hakuwa na shamba wala duka. Mashine hiyo ndiyo iliyowalisha watoto wake wanne, na ndiyo iliyomweka Akinyi, kifungua mimba wake, kidato cha pili.

Mimi nilikuwa katibu. Walinichagua kwa sababu ya mwandiko wangu, nami nikadhani wamenichagua kwa sababu ya akili. Usicheke, hata wewe nimeona ukipewa kalamu unavyobadilika.

Mwaka huo serikali ilitangaza ruzuku kwa vikundi vidogo. Ruzuku, si mkopo, yaani ukipewa umepewa. Tuliomba mashine mbili zaidi, maana kila shule zilipokaribia kufunguliwa tulikuwa tunakataa kazi kwa kukosa mashine. Siku hizi nyinyi mnajaza maombi kwenye simu mkiwa mmekaa, lakini sisi tulijaza fomu kwa kalamu, kurasa nyingi, na nikaandika kila kitu kama kilivyokuwa. Kisha tukaambiwa tungoje.

Mwanangu, kungoja kulinishinda. Kila Ijumaa nilifika ofisini kuuliza, mpaka askari wa mlangoni akawa ananiambia "bado" kabla sijafungua mdomo. Nikiwa sokoni nawaza ruzuku, nikiwa kanisani nawaza ruzuku. Chakula kilikuwa kinaungua jikoni nimesimama hapo hapo nakitazama. Mwezi wa tatu barua ikafika, kwamba Jumanne ijayo afisa atakuja kututembelea, aone kikundi chenyewe. Badala ya kutulia nikazidi kuwashwa.

Sasa, wiki hiyo hiyo nilikuwa nimesikia habari za kikundi fulani cha mji wa Moi's Bridge kilichonyimwa. Mwanamke aliyeniambia alisema walikutwa na stoo imejaa mahindi, wakaambiwa wako vizuri, wajisaidie. Sikumuuliza yeye aliambiwa na nani. Baadaye sana nilikuja kujua kwamba walinyimwa kwa sababu viongozi wao walijichagua wenyewe, mahindi hayakuhusika hata kidogo. Lakini siku zile nilikuwa natafuta kitu cha kuogopa, nikakipata.

Jumatatu nikawaita wenzangu. Nikawaambia tuhamishe mashine zote, afisa akute chumba kitupu, atuonee huruma. Wengi walikubali upesi. Tulikuwa tumezoea kuona msaada ukienda kwa anayelia kwa sauti kubwa. Mama Akinyi peke yake ndiye aliyekataa.

"Mimi mgeni akikuja nafagia nyumba, sitoi viti nikaficha," alisema. "Na hii mashine haipendi kubebwa-bebwa. Katibu, huyo mtu wa serikali atakuja kuangalia nini, ukuta?"

Wenzetu walicheka. Mimi sikucheka. Nilikuwa na hasira ya mtu anayechelewa safari.

"Mama Akinyi, wewe uko na mashine yako," nikamwambia. "Kuna wenye hawana. Unataka wakose juu yako?"

Nilimjibu hivyo mtu ambaye angeweza kunizaa, mbele za watu. Alichukua blanketi akaanza kufunga mashine yake. Mashine za aina ile zina kitanda kirefu cha sindano, na juu yake kuna mkono unaousukuma kushoto na kulia. Akanionyesha. "Huu mkono lazima ufungwe na skrubu yake. Na ilale hivi, usiisimamishe. Umesikia?"

Nikasema nimesikia.

Mkokoteni ulikwama mara mbili kwenye tope. Nilikuwa nimebakisha mashine nyingine mbili za kubeba, mvua inazidi, na mlango wa jikoni kwangu ulikuwa mwembamba. Nikaisimamisha ile mashine kwa upande ili ipite, nikaiegemeza ukutani nyuma ya gunia la makaa. Skrubu sikuifunga, niliona itanichelewesha. Wakati naiachilia nilisikia ule mkono ukiteremka wote kwa kishindo, na kitu ndani kikalia. Nikajiambia nitaangalia kesho afisa akishaondoka.

Jumanne tulikaa kwenye chumba kitupu tukiwa tumevaa nguo za shambani. Nakumbuka tulikuwa tumekatazana kutabasamu. Afisa alikuwa mama wa makamo, mpole, ana faili kwapani. Alitusalimu mmoja mmoja, akazunguka chumba mara moja. Sakafu tulikuwa tumeifagia, lakini nyuzi za sweta hazifagiliki zote, na zilikuwa zimejaa kwenye kona, za kijani na za bluu.

Akafungua faili. "Hapa mmeandika mko na mashine nne. Ziko wapi?"

Ile ilikuwa fomu yangu. Ule ulikuwa mwandiko wangu mzuri. Katika mbio zangu zote sikukumbuka hata kidogo kwamba mimi mwenyewe nilishawaambia tulicho nacho. Na badala ya kukubali kwamba nimekosa, nikafungua mdomo nikasema, "Ziliibiwa."

"Pole sana," akasema, na alisema kwa kumaanisha. "Mliripoti polisi? Nipatie OB namba niandike hapa."

Sikuwa na namba yoyote ya polisi. Nilitaka kusema tena kitu, chochote, na nina uhakika kingekuwa uongo wa tatu, lakini Mama Akinyi alisimama.

"Madam, hakuna mwizi," alisema. "Ziko jikoni kwa katibu. Twende ukaone."

Tukatoka sote, msafara mzima, majirani wakitutazama. Pale jikoni Mama Akinyi alitangulia kuingia. Aliinua mashine yake akaiweka juu ya meza yangu, akafungua blanketi, akashika ule mkono na kuusukuma. Haukwenda. Akausukuma tena. Alipoinama kutazama, nami nikainama, nikaona sindano safu nzima zimepinda, nyingine zimevunjika kabisa. Alizipitisha kidole moja moja kutoka mwanzo hadi mwisho. Nililia pale pale, na hakuna aliyenibembeleza, na ilikuwa haki yangu.

Afisa alifunga faili. "Sisi hatutafuti watu wenye hawana kitu," alituambia. "Tunatafuta wenye wameanza tayari, tuwaongezee. Ningewakuta mnafuma leo, ningeandika ndiyo. Sasa niandike nini? Nikiulizwa mashine nne ziliibiwa ama zilifichwa, nijibu nini?" Hakuwa na ukali. Ningependa angekuwa na ukali.

Alipoondoka, nilimfuata Mama Akinyi nje kumwomba msamaha. Alikuwa amesimama kwenye tope akisubiri mkokoteni. Nikamwambia nitatafuta sindano, nitatengeneza, nitafanya yote.

"Sindano ni chuma, zitapatikana," akaniambia. "Yenye inaniuma si hiyo. Miaka tisa mimi nimeamka nikajua niko na kitu. Watoto wangu wanajua mama yao ako na kitu. Leo wewe umenikalisha kwa chumba kitupu, umenivalisha matambara, ukaambia mgeni hatuna. Nani alikwambia kazi yetu ni ya kufichwa?"

Mkokoteni ulipofika nilimsaidia kuipakia mashine yake, safari hii ikiwa imelala. Swali hilo ninalo hadi leo.

Ruzuku tulinyimwa, na sindano hazikupatikana Eldoret. Nilizunguka maduka yote, nikatuma ujumbe Nairobi kwa dereva wa basi, zikawa zinakuja chache chache, na fundi akawa anazibadilisha kadiri zilivyofika. Ilichukua karibu mwaka. Katika mwaka huo Mama Akinyi alifua nguo za watu, na Akinyi aliacha shule akaenda kulea mtoto wa familia fulani mjini. Nilikutana naye siku moja njiani, mtoto mgongoni, na alinisalimu vizuri kabisa, "Shikamoo Auntie," na mimi nikashindwa kuitikia. Alirudi shule baadaye, darasa moja nyuma ya wenzake. Watu husema mambo yaliisha vizuri. Mimi najua mwaka mmoja wa msichana ulikwenda wapi, na nani aliuchukua.

Sasa nitakuambia kwa nini nimepanda tena pikipiki asubuhi hii kuja huku Kiplombe bila kukuarifu. Jana nilipokuja kukusalimia, ulipokuwa umeenda kuchota maji nilichungulia kwenye banda la kikundi chenu. Niliona kuku wengi kuliko ninaowajua. Na niliona miguu yao. Wengine wamefungwa kitambaa chekundu, wengine cheupe, wengine uzi wa gunia. Mwanangu, mimi nimefuga kuku kabla hujazaliwa. Mtu huwawekea alama kuku wake anapowaazimisha, ili awajue wakirudishwa. Mnangoja mgeni wa serikali, na mmekusanya kuku wa jirani ili banda lijae. Mimi nilificha na nyinyi mnaazima, na mnadhani ni mambo mawili tofauti.

Nimewahesabu wasio na alama. Ni thelathini na saba. Hao ni wenu, mmewatotolesha na mmewalisha nyinyi. Na ugonjwa wa kideri ukiingia kwenye banda lenye kuku wa nyumba kadhaa, wewe ndiye utakayesimama kwenye mlango wa jirani ukitafuta maneno, na huyo jirani pengine hana kingine.

Basi nakusihi. Usimwonyeshe mgeni huzuni usiyo nayo wala mali usiyo nayo. Ukiomba msaada, omba ukiwa umesimama pale pale unaposimama kila siku, na kazi yako iwe mkononi ionekane. Ukikemewa na mtu mzima aliyeitumia mashine miaka tisa, nyamaza umsikilize mpaka mwisho. Na ukishakosea, usiongeze neno, sema kweli papo hapo, kabla mtu mwingine hajalazimika kuisema kwa niaba yako.

Haya, inuka, nitakusaidia kuwashika na kuwarudisha. Mungu akubariki wewe na wenzako, abariki hao thelathini na saba. Mkipewa, mpewe kwa vile mlivyo. Mkinyimwa, kesho yake muamke mkiwa bado mna kitu cha kulisha, na pasiwe na mtoto wa mtu anayelipia.