Kidole cha Siagi Kwenye Klachi

Siagi ikiungua jikoni, mimi hutoka nje. Wajukuu wangu wanadhani moshi unanisumbua macho, na nimewaacha wadhani hivyo. Ninyi nawaambia ukweli: nilipokuwa na miaka tisa, bibi yangu aliniambia nipake siagi kwenye sahani ya klachi, nami nikapaka. Nilipaswa kukataa. Nilikuwa nimekatazwa.

Pikapu ya baba ilikuwa kuukuu hata wakati ule. Pale kwetu Nyaishozi ilibeba kahawa, ndizi na wagonjwa, mpaka gia ya pili ikaanza kuchomoka yenyewe njiani na klachi ikaisha. Akaitwa fundi Athumani wa senta, ambaye babu yake alitoka pwani, na ambaye Kiswahili chake kilitufanya sisi Wanyambo tuone haya kufungua kinywa. Siku tatu giaboksi ililala uani juu ya majani ya mgomba, tumbo wazi, ikinuka mafuta meusi. Fundi alibadilisha gia iliyolika meno, kisha akachonga tawi la mbuni liwe kijiti cha kuiweka sahani mpya katikati. Akaniita niione.

“Hii kazi yake ni kushika,” alisema. “Ikiguswa na mafuta haishiki tena. Umenielewa, bwana mdogo?”

Nikaitikia. Akaenda kuswali adhuhuri.

Ndipo bibi akatoka na kibuyu chake cha siagi. Kwake hakuna kipya kilichoanza kazi bila kupakwa siagi, kuanzia mpini wa jembe hadi mtoto mchanga, na gari la mwanawe, alisema, halikuwa bora kuliko mtoto. Macho yake yalikuwa yamefifia, kwa hiyo akataka nipake mimi. Nikamwambia kwa sauti ndogo kwamba fundi amekataza amajuta, mafuta ya aina yoyote.

“Fundi anajua vyuma,” akasema. “Watakaopanda anawajua nani? Paka, mwanangu.”

Nilimwogopa bibi kuliko fundi. Nikachovya kidole, nikazungusha pande zote mbili. Kisha nikashikwa na hofu, nikapangusa kwa shati. Ukabaki mng'ao kidogo tu. Fundi aliporudi mvua ilikuwa imetanda, akaifunga sahani harakaharaka. Hakuuliza, nami sikusema.

Asubuhi tukapakia kahawa. Mimi niliketi kati ya baba na fundi. Kaka yangu Kato alikaa nyuma juu ya magunia na kabari yake ya mti, maana breki ya mkono ilikuwa jina tu, na ile ya mguu ilitaka kubembelezwa. Gari likishindwa mlima, Kato alikuwa akiruka na kuzuia gurudumu. Kwenye tambarare baba alimsifu fundi. Mimi nilibana mikono kati ya magoti.

Kwenye mlima wa kwenda Nyakasimbi injini ikapiga kelele, lakini gari likazidi kupunguza mwendo. Kisha harufu ikapanda miguuni mwetu, kama kikaango kilichosahauliwa motoni. Fundi akageuka. Hakutazama gia, alitazama mikono yangu.

Tukaanza kurudi nyuma. Baba akakanyaga breki, akakanyaga tena. Nikasikia miguu ya Kato ikitua kwenye matope, nikasikia kabari ikigonga jiwe na kuteleza. Sauti ya Kato sikuisikia.

Msibani, mbele ya watu, baba alimuuliza fundi nini kilitokea. Nilikuwa nimeshika kanga ya bibi, nikingoja nitajwe.

“Kosa langu, mzee mwenzangu,” fundi alisema. “Sikuisafisha klachi vizuri.”

Baada ya hapo hakuna aliyempelekea gari. Mwaka haukuisha akahama senta. Nami, mtoto, nilifurahi moyoni, nikidhani hakujua. Nilikuwa tayari nina mwanangu wa miaka tisa nilipoelewa kwamba alijua tangu pale mlimani. Nilipomtafuta, nilionyeshwa kaburi.

Bibi aliagiza, lakini aliyekuwa ameelezwa ni mimi. Kidole kile kilimuua kaka yangu Kato, na fundi Athumani akapoteza kazi na jina lake kwa ajili yangu, bila kusikia hata mara moja nikisema ni mimi.